Mawe ya Zaris na Witputs

Sabina Swartbooi, mzaliwa wa Zaris, alisaga mawe ya chokaa katika maabara mjini Windhoek, ili kaboni iliyomo ipimwe na umri wa miamba ya Zaris na ya Witputs ulinganishwe. Mumewe Gert, wa Witputs kule kusini, alimtania tangu uchumba: "Mawe ya kwenu bado mabichi, ya kwetu ndiyo ya kale!"

Gert alipolazwa hospitali, Sabina alimpelekea majibu ya vipimo vya mawe.

"Kiasi cha kaboni nzito kinapanda na kushuka vilevile, tabaka kwa tabaka, kwetu na kwenu. Ni tope la bahari moja, wakati mmoja."

Gert akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe nimekutania bure miaka yote hii, bibie?"

"Bure kabisa."

Gert akajisogeza ukutani, akamwachia nafasi kitandani. Sabina akavua viatu, akalala kando yake. Muuguzi aliyepita akawafungia pazia.