Njahi Zilizokataa Kutoa Maua

Mama alinipigia simu mwezi wa nne, theluji ya mwisho ingali imerundikana kando ya maegesho ya jengo letu hapa Columbia Heights, ughaibuni, akaniambia njahi, yale maharagwe ya nyumba yetu, zimekwisha. Alikuwa amezipanda misimu miwili, na mvua ikamtoroka yote miwili. Zilizobaki duniani ni zile alizonipa nilipokuwa nikiondoka, konzi moja tu, niliyoiweka kwenye kopo la kakao kabatini. Nikamwambia nitamtumia.

"Unitumie nizipande kwenye vumbi?" akauliza. "Wewe uko kwenye maji. Panda huko, uvune, unitumie mpya."

Mama yangu haombi, anaagiza. Njahi zinauzwa, hata madukani huku Burnsville ziko kwa pakiti, lakini si zetu. Zetu ni za rangi ya udongo mwekundu, alizirithi kwa mamake, naye kwa wake. Sasa mama ana sukari, macho yanafifia, na amebaki na hamu moja: azione zimeota shambani kwake kabla hajaenda. Hilo lilikuwa mikononi mwangu, na niliogopa.

Nikalowesha zote. Ndivyo tunavyofanya kwetu mbegu ikizeeka, unailaza kwenye maji, kisha unaifunga kwa kitambaa kibichi uone ipi ina uhai. Nyingi zikaoza. Chache zilizochipua nikazitia kwenye ndoo za udongo pale balkoni, nikazifungia kamba. Kukua zilikua jamani! Kufikia Julai zilikuwa zimejisokota kwenye reli nzima ya balkoni, majani mapana, na jirani wa chini anateta kwamba zinaingia kwake. Mama akipiga simu ni swali moja tu: zimetoa maua? Hazikuwa zimetoa. Nikaongeza mbolea, nikatia majivu, nikaziombea, tena kwa sauti.

Kazi yangu ni kutunza wazee, huko Apple Valley. Kati ya wazee wangu alikuwamo bibi mmoja wa Kizungu aliyetumikia bustani ya mimea maisha yake yote, kwenye zile nyumba za vioo za kukuzia mimea. Siku moja nikimwosha miguu aliniuliza mbona nimenuna. Nikamweleza habari za njahi, naye hakushangaa hata kidogo.

Akanisimulia kwamba enzi za Malkia Victoria, watu wa kawaida tu, wake za wamishonari, madaktari wa meli, wanajeshi wastaafu, walikuwa wakiokota mbegu kila walikofika. Walizifunga kwa karatasi yenye nta, au wakazifukia kwenye unga wa makaa ndani ya mkebe, wakazipeleka kwa bustani kubwa za Uingereza. Wengi hawakulipwa. Walichotaka ni kuambiwa kwamba imeota. Nyingine ziliota kweli, zikajaa nyumba za vioo hadi paa, majani tele, lakini ua hakuna. Wa bustanini wakamlaumu mtumaji, eti mbegu zake mbovu. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba mmea nao huvizia giza.

"Wa kwenu unangoja usiku mrefu ndipo utoe ua," akasema. "Hapa Juni jua linazama saa tatu usiku."

Mimi ningejuaje? Kwetu saa moja usiku ni giza, Januari hadi Desemba, huhitaji kuuliza. Nikamuuliza, je, mwanamke wa shambani aliyewaonyesha hao wasafiri mbegu, yeye aliambiwa nini? Bibi alifikiri sana. Akasema huyo hakuandikwa popote. Nilikasirika kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua, nikaisugua ile miguu kwa nguvu hadi bibi akanikumbusha ni yake.

Dawa aliyonipa ilikuwa rahisi: zifunikwe kwa plastiki nyeusi tangu jioni hadi asubuhi, kila siku. Lakini jioni niko kazini. Nikamwendea jirani wa mlango wa pili, mama Mkongo wa Kivu, anayeshinda nyumbani na watoto wake. "Saa kumi na moja unafunika," nikamwambia, "tafadhali usisahau." Akasema, "Usiogope, dada." Na hakusahau hata mara moja. Maua yakatoka, ya zambarau. Nilipomwambia mama, alilia, mama yangu ambaye halii. Kisha yakaja maganda, nikawa nangoja tu yakauke.

Halafu baridi ikaja mapema. Siku ile niliondoka nikipanga kwamba nikirudi nitazizungushia blanketi. Kazini simu inafungiwa kabatini. Niliporudi, jirani alikuwa amesimama mlangoni kwangu na sufuria, anatabasamu.

"Dada, nilisikia ku redio baridi ya kuua inakuya. Nikasema, kazi yote hii iharibike? Nilichuma yote, na majani. Nimekupikia na mafuta ya mawese."

Nilikimbilia balkoni. Reli ilikuwa tupu. Nikaenda jikoni kwake nikapekua pipa la taka, nikifungua ganda moja moja nitafute hata punje moja iliyokomaa. Alikuwa amemenya zote, na zilizosahaulika ndani zilikuwa laini, kijani, zinapondeka kwa ukucha. Nikaketi sakafuni nikalia. Alidhani nimefiwa, akaanza kulia nami. Kwao mboga ya mtu hupandwa iliwe, na mimi nilimweleza saa ya kufunika, sikumweleza nangoja nini. Nilipomwambia, alijifunika uso kwa kitenge. "Nimekuua, dada." Nikasema hapana, lakini sikumaanisha.

Watoto wake walikuwa na njaa. Tukala. Sikujua kingine cha kufanya.

Mama huamka kwake kungali giza, kwangu ikiwa bado usiku, na alipiga tulipokuwa tukiondoa sahani. Nikamwambia yote, bila kupunguza. Nilijiandaa kutukanwa, kwa kweli nilitaka anitukane. 

"Na wewe umekula?"

"Nimekula, mama."

"Mimi sijazionja tangu nilipopikiwa nilipokuzaa," akasema. "Kila nikivuna naweka mbegu." Nikamsikia akivuta kiti. "Haya. Niambie basi zilikuwaje mdomoni."

Nikafungua kinywa nimwambie. Kilikuwa kimejaa ladha ya mawese na pilipili, na nilikuwa nimekula nikilia, njahi zenyewe sikuwa nimezionja.