Mianya ya Balkoni ya Kona

Mke wangu anachora vitu vya chuma: mageti, madirisha, ngazi. Ofisini kwao wanamwita Mama Mianya, na nyumbani jina hilo nililipokea kwa mikono miwili, maana huyu mwanamke hata akianika nguo lazima ziachane kwa mpango. Shati na shati karibu, shati na suruali mbali kidogo, shuka la mwisho lipewe uwanja wake. Mimi ni fundi cherehani tu. Nabana vibanio anapotaka.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa vyuma vya balkoni za jengo jipya la ghorofa. Vilisimama wima, lakini mianya yake haikulingana. Upande wa mlango vilibanana, kisha kila mwanya ukauzidi uliotangulia kidogo, mpaka mwisho. Alinionyesha kwenye kompyuta. Unachora chuma kimoja, unaiambia programu unataka vingapi na mianya ikue kwa kiasi gani, na kufumba na kufumbua safu nzima imejipanga.

"Ona inavyopumua," akaniambia. Mimi niliona vyuma tu, ila nilipenda alivyofurahi.

Baadaye mwenye jengo akataka vyuma hivyohivyo kwenye balkoni ndefu za kona. Mke wangu akaongeza idadi, programu ikaendelea kukuza mianya pale ilipoishia. Mchoro mzima ukiutazama kwenye kioo cha kompyuta, ule mrefu ulipendeza kuliko mfupi. Mafundi wakachomelea kama ulivyo.

Dada yake akahamia humo, ghorofa ya tatu, na kwa kujivunia mdogo wake akachagua nyumba ya kona. Jumapili tukaenda kumtembelea. Alitufungulia mlango huku anacheka.

"Shemeji, njoo uone kazi ya mkeo!" Mlango wa balkoni ulikuwa wazi kuingiza hewa, akavuta pazia kwa mbwembwe.

Mwanawe, ambaye ndio kwanza anaunganisha maneno, alikuwa amesimama nje ya vyuma.

Nje! Kwenye ukingo wa zege ambao haungetosha kiatu changu, mkono mmoja umeshika chuma cha mwisho, mwingine unatupungia. Chini yake hakuna kitu mpaka kwenye magari yaliyoegeshwa. Nilibaki pale pale mlangoni. Dada mtu alibaki ameshika pazia. Mke wangu ndiye aliyekwenda, kwa magoti ili asimshtue, akiongea kama mtu anayeomba chumvi.

"Baba, ulipitaje hapo? Hebu nionyeshe."

"Hapa, mama mdogo." Mtoto akaingiza kichwa, bega, tumbo, akapita bila hata kugusa chuma.

Mke wangu alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. "Dada, nimechora mlango," akasema. "Nimemchorea mwanao mlango."

Dada yake alimnyang'anya mtoto, akaenda kukaa naye sakafuni chumba cha ndani kabisa. "Na mimi nilikuwa nakusifia kwa majirani," akasema kutoka huko. Sijawahi kusikia maneno mazito kama yale.

Mke wangu akatoka, akapanda na kushuka ngazi akigonga kila nyumba ya kona, mimi nyuma yake. "Mimi ndiye niliyechora vyuma vya balkoni yenu. Fungeni mlango. Mtoto anapita." Mmoja alimcheka. Mwingine alimtukana, naye akayameza. Mama wa ghorofa ya juu aligeuka akakimbia ndani, tukamsikia akimwita binti yake, akimwita, mpaka kitoto kikaitika jikoni. Mke wangu akakaa kwenye ngazi.

Kabla ya kuondoka aliniomba tepu yangu ya kupimia, akakipima kichwa cha yule mtoto. Kesho yake balkoni zile zilipigiliwa mbao, na vyuma vikang'olewa baadaye. Sasa kila mchoro wake una duara lenye ukubwa wa kichwa kile. Analipitisha mwanya baada ya mwanya, na likipenya popote anafuta safu nzima. Kuhusu vyuma kupumua hasemi tena.

Tuliporudi kwa dada yake, mtoto alinikimbilia, akajishika kichwa pale ilipopita tepu.

"Baba mdogo, kofia yangu iko wapi?"

Mke wangu alitoka nje kulia. Mimi nikarudi nyumbani kushona kofia.