Ubishi Nilioushinda

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nashusha macho, hata kama niko peke yangu chumbani. Sipendi kuisimulia. Lakini juzi nilikusikia wewe na wenzako mkibishana juu ya mabondia, nani angempiga nani kama wangekutana, nikajiambia: mzee, usife na hii.

Mwaka ulikuwa 1974. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, kinyozi katika soko la mji wa Arua, karibu na mpaka wa Congo, ndani ya kibanda cha mabati chenye viti viwili na kioo kimoja. Kibanda kilikuwa cha Mzee Abdalla, Mnubi aliyewanyoa askari tangu enzi za wakoloni, na ndiye aliyenifundisha kazi nikiwa sijaota ndevu zangu mwenyewe. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa redio.

Siku zile mji ulikuwa na homa ya ngumi. Watu walikuja kwetu hata wakiwa na vipara. Tulimchukua bingwa wa dunia wa wakati ule, tukamfufua bingwa mwingine aliyestaafu zamani, tukawaingiza wote wawili ulingoni kwa midomo yetu. Huyu ana mikono mirefu. Yule ana kifua. Huyu angechoka raundi ya nane. Na mimi, wembe mkononi, ndiye refa. Sikuwahi kuvaa glavu hata siku moja, mwanangu, lakini asiyepigwa ndiye hodari wa kuhesabu raundi.

Tukichoka na mabingwa wa mbali tulirudi kwa wetu. Koboko, mji wa jirani, alikuwapo Rajabu, mpasua mbao, bondia wa uzito wa juu ambaye aliacha ngumi bila kuangushwa na mtu. Arua tulikuwa na Anguyo, mpakiaji wa magunia ya tumbaku, kijana mwenye shingo kama ya fahali, aliyekuja juu baada ya Rajabu kuacha. Hawakuwahi kukutana. Basi swali likawa hilo kila siku: Rajabu wa jana na Anguyo wa leo, nani angelala chini?

Ijumaa moja Rajabu mwenyewe aliingia kibandani. Alikuwa amekuja Arua kwa shughuli zake, na ndiyo kwanza ametoka msikitini. Mzee Abdalla hakuwapo. Nilimkalisha, nikampaka sabuni, na kwa kuwa sikujua kunyamaza nikamwuliza kwa nini aliacha ngumi angali na nguvu.

Alitazama mlangoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa kile Kiswahili chetu cha sokoni, "Mimi naambia wewe peke yako. Jicho hii ya kushoto iko nakufa pole pole. Daktari nasema, ngumi moja tena, basi. Lakini kule kazini hapana jua. Wakijua, mimi naondoka juu ya shimo."

Nilielewa. Katika kupasua mbao, mwanangu, mmoja husimama juu ya gogo na mwingine huingia shimoni chini yake, msumeno mmoja mikono minne. Wa juu ndiye anayefuata mstari. Asiye na macho mazuri hasimami juu. Nikamwambia, "Kaka, mimi iko kinyozi. Mimi nanyamaza." Akatoka na kidevu laini na moyo mwepesi.

Kesho yake ndiyo hiyo Jumamosi.

Kibanda kilijaa mpaka nje. Dereva mmoja wa lori, jina lake Noa, mtu wa Koboko, alisimama mlangoni akipiga kelele, "Rajabu napiga Anguyo raundi tatu tu! Anguyo naanguka kama gunia ya tumbaku!" Mimi nilikuwa upande wa Anguyo. Nikataja mikono, nikataja umri, nikataja pumzi. Noa akanikata katikati: "Wewe iko najua nywele tu. Ngumi hapana jua!"

Watu wakacheka. Walicheka sana, mwanangu, hata yule niliyekuwa namnyoa alitikisika kitini. Damu ikanipanda. Na ulimi hauna mfupa. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza samaki, "Rajabu napiga namna gani mtu yeye hapana ona? Jicho yake ya kushoto nakufa! Yeye mwenyewe naambia mimi, jana, hapa kwa kiti hii!"

Noa akageuka akaenda zake kwenye lori lake. Nilikuwa nimeshinda, na sitakudanganya, utamu wake niliusikia mpaka kooni. Nikaendelea kunyoa.

Neno likitoka halirudi, nalo siku zile halikuhitaji barabara nzuri. Noa alirudi Koboko na lori lake jioni ile. Kabla ya wiki kwisha, Rajabu alishushwa kutoka juu ya gogo, na mtu mwingine akapewa nafasi yake. Vijana wa pale wakaanza kumsogelea upande wa kushoto na kumpungia mikono waone kama atageuka. Naye alikuwa mtu wa heshima. Akatuma ujumbe Arua kwamba yuko tayari kupigana na Anguyo, watu wajue kama anaona au haoni.

Mji ulifurahi. Ule ubishi wetu wa maneno sasa ungekuwa na nyama na damu. Na mimi? Ningeweza kupanda basi kwenda Koboko, nikamwangukia miguuni, nikamwambia asipigane. Sikwenda. Nilijiambia kwamba labda daktari alikosea.

Walipigana alasiri, katika uwanja wa mpira wa Arua, ndani ya kamba zilizofungwa kwenye nguzo nne. Nilikaa mbele. Raundi mbili za kwanza nilimwona Anguyo akipiga tumbo, akipiga mbavu, akipiga upande wa kulia tu. Alikuwa amesikia habari za jicho kama watu wote, na hakutaka kuligusa. Yule mpakiaji wa magunia, ambaye sisi tulimwona kama fahali, alikuwa na huruma kuliko mimi mwenye maneno mazuri.

Lakini watu waliona. Akaanza mmoja, wakafuata kumi, kisha uwanja mzima: "Kushoto! Piga kushoto!"

Mwanangu, yale yalikuwa maneno yangu. Niliyasikia katika vinywa vya watu nisiowajua, wanawake, wazee, wote. Nilitaka ardhi inimeze.

Raundi ya tatu Rajabu alimpata Anguyo kidevuni kwa nguvu, na Anguyo akajibu kabla ya kufikiri, kama mtu anavyofukuza nyuki. Ngumi ilitua pale pale. Rajabu alipiga magoti. Akanyoosha mkono kutafuta kamba, na kamba ilikuwa upande mwingine. Anguyo alivua glavu akalia mbele za watu.

Siku tatu sikufungua kibanda. Ya nne Mzee Abdalla alinikuta nyumbani kwangu nimejifunika shuka. Hakukaa. Alisema, "Mtu akikaa kiti yangu napa mimi shingo yake, na wembe iko mkononi. Miaka arobaini hapana kata mtu. Wewe nakata kwa mdomo. Simama, twende Koboko."

Tulimkuta Rajabu kwenye mkeka, kitambaa kimeziba nusu ya uso, jicho la kushoto limekwisha kufa. Mkewe, Zainabu, alitupa maji ya kunywa bila kututazama. Nikapiga magoti nikasema yote: Noa, kicheko, hasira yangu. Rajabu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Ile maneno yenu ya siku ile, wewe nashinda?"

Nikasema, "Ndiyo, kaka. Mimi nashinda."

Akatikisa kichwa polepole, akageukia ukuta. Hakunitukana. Angenitukana ningepona mapema.

Zainabu ndiye aliyesema, "Pole yako hapana pasua mbao."

Basi nilibaki Koboko miezi minne. Niliingia shimoni nikivuta msumeno kwa niaba yake, vumbi la mvule likiniangukia machoni, na chakula cha watoto wake kikapatikana. Rajabu alinisalimia kila asubuhi, kwa kuwa alikuwa Mwislamu mwema. Lakini hakukubali tena nimnyoe. Mwaka wa 1979 serikali ilipopinduliwa na vita vikatufukuza wote, wengine Congo, wengine Sudan, nilisikia kwamba jicho la pili nalo lilikuwa limemfifia, akavuka mpaka akishikwa mkono na binti yake. Sikumwona tena.

Sikukatazi kubishana juu ya mabondia, mwanangu. Ni mchezo mtamu, na mabingwa hawaumii kwa maneno yako. Lakini mtu wa karibu akikupa udhaifu wake, amekupa mwili wake. Usiutoe hadharani ili ushinde mjadala ambao kesho hakuna atakayeukumbuka. Wakikucheka, acha wakucheke. Kicheko hakivunji mfupa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na kama umekwisha kujikwaa, nenda siku ile ile, usingoje kama nilivyongoja mimi, maana kati ya kosa na majuto huwa kuna nafasi ndogo ya kuzuia, nami niliiacha ipite.

Mungu akupe ulimi mzito na miguu myepesi. Akujaalie kushindwa mara nyingi kwa maneno, na usiku ulale salama.