Kigong'ota na Mama Mdogo Masika

Nikiwa bado mtoto wa kubebeshwa kidumu kidogo cha maji, huko Kyarumba, kigong'ota alihamia kwenye mti mkubwa uliolifunika jiko letu kwa kivuli. Wiki hiyo hiyo baba mdogo alikuwa amemleta mkewe, Masika, kutoka ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe. Bibi aliyaunganisha mambo hayo mawili na hakuyatenganisha tena.

Wazee wetu walisema kigong'ota akigonga karibu na nyumba, anapigilia jeneza la mtu wa nyumba hiyo. Kila asubuhi, ko-ko-ko-ko, bibi aliacha kuchambua maharage akatutazama mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Masika, na huyo alimtazama kwa muda mrefu.

"Tangu lini ndege huyu anatujua?" bibi aliuliza, bila kumtaja mtu.

Akaacha kula chakula cha mkamwana wake. Mimi nilikatazwa kupokea hata kiazi mkononi mwake. Maneno ya kumrudisha kwao yakaanza kusemwa, na Masika aliyasikia.

Siku moja, bibi akiwa shambani, Masika aliniita chini ya mti. Kigong'ota alikuwa ameukandamiza mkia kwenye gome kama mguu wa tatu. Anagonga, anainamisha kichwa, anasikiliza, anagonga pembeni kidogo. Kisha akachomoa ulimi mrefu ajabu, na funza kwenye ncha.

"Angalia, mutoto," Masika alininong'oneza. "Iko natafuta kula tu."

Baba yake alikuwa mpasua mbao. Wapasua mbao huupiga mti kwa kisogo cha shoka kabla ya kuukata, wasikie kama ni mzima ndani. Masika akachukua mchi, akagonga shina. Chini mlio ulikuwa mzito. Usawa wa kifua ukawa mtupu kama debe.

Jioni alimpigia bibi magoti. "Mama, ile muti imeoza ndani. Itaangukia jiko."

"Nani amekwambia? Ndege wako?"

Hata hivyo, kesho yake bibi aliyahamishia mafiga upande wa pili wa nyumba. Hakusema anakimbia nini, mti au jeneza.

Mvua kubwa ya kwanza iliukata mti pale pale Masika alipogonga, ukalivunja jiko. Alikufa kuku mmoja tu. Mimi nilifikiri sasa bibi atamshukuru.

Bibi alisimama kwenye matope, akaonyesha kwa kidole. "Mnaona? Alijua mpaka mahali utakapokatikia."

Masika alifunga vitenge vyake. Baba mdogo alimsindikiza hadi Mpondwe, akarudi peke yake.

Sasa nimeolewa hapa Bwera, na nina mtoto anayenyonya. Majuzi kigong'ota alianza kugonga nguzo ya kibaraza chetu, mahali ninapomlaza mtoto mchana. Nilichukua mchi, nikagonga, nikatega sikio. Debe. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni akinitazama.

Zamani nilidhani Masika alifukuzwa kwa sababu ya ndege. Siku hiyo, mchi ukiwa mkononi, nilielewa kwamba alifukuzwa kwa kusikia vizuri akiwa mgeni.

Nikambeba mtoto mgongoni, nikasubiri mume wangu arudi sokoni. Nikampa mchi mbele ya mama yake.

"Baba Muhindo," nikasema, "hebu gonga hapa wewe."