Anti wa Bwana Harusi

Mimi sina undugu na watu hawa, na namshukuru Mungu kwa hilo. Nakaa kaunta kwenye duka la dobi linalofulia hoteli mbili. Napokea nguo, naandika vikaratasi vya kubandika, nazungumza na wageni kile Kiingereza cha doa hili halitoki, njoo Alhamisi. Nyuma yangu, kwenye chumba cha pasi, yupo mwanamke tunayemwita Bi Kola, kwa sababu kola ikipita mikononi mwake husimama yenyewe. Ana miaka ishirini na sita kwenye pasi ile. Mikono yake ina makovu ya kuungua mpaka viwikoni, na ukimuuliza kovu fulani ni la lini, atakutajia darasa alilokuwa mtoto wake mwaka huo.

Mtoto mwenyewe hakumzaa. Dada yake wa katikati alifariki akaacha mvulana wa miaka mitatu, na baba mtu alikuwa ameshatokomea. Dada yao mkubwa, wakati huo mwalimu mkuu wa shule, alisema nyumba yake imejaa. Bi Kola, kitinda mimba, akambeba. Fundi vioo aliyekuwa amemposa alisema yeye anataka mke, hataki mke na furushi. Akamjibu aende salama, na mwingine hakuja. Yule mvulana hakuwahi kumwita mama mdogo. Alimwita mama, basi. Akasoma kwa pasi ile ile mpaka akawa mhandisi ng'ambo. Mama mkubwa alianza kumkumbuka siku ya mahafali.

Mwaka jana mhandisi alipata mchumba huko huko, na wazazi wa binti wakataka kuonana na familia kwa simu ya video. Bi Kola akanijia kaunta na daftari jipya. Shule aliiacha mapema, Kiingereza alikuwa akikisikia tu. Kwa wiki tatu, mashine zikizunguka, nikamfundisha: karibuni, nimefurahi kuwaona, mimi ni mama yake. Hiyo ya mwisho aliisema huku akipiga pasi, neno moja kila anapovuta mkono, mpaka wafuaji wakaanza kumwitikia. Nilipomweleza kwamba Kiingereza kimewatia mama mkubwa, mama mdogo, shangazi na mke wa mjomba kwenye kapu moja, wote ni anti, alicheka hadi akaweka pasi chini.

"Sasa mtoto akiita, anaitika nani?"

"Aliye karibu," nikamwambia.

Siku tatu kabla ya miadi, mhandisi alimpigia. Bi Kola aliweka spika kwa kuwa mikono ilikuwa imelowa, kwa hiyo nilisikia kila kitu, na sijutii.

"Mama, kuna jambo dogo. Wakwe niliwaambia mama yangu ni mwalimu mkuu mstaafu."

"Mwalimu mkuu ni dada."

"Ndiyo. Kwani mama mkubwa si mama? Hapo uongo uko wapi? Wewe utakaa naye, useme ni anti. Na kwa Kiingereza ndivyo ulivyo."

Msomi huyo. Wa kumpandisha alimpandisha kwa Kiswahili, wa kumshusha akamshusha kwa Kiingereza. Nilingoja Bi Kola amtolee uvivu. Akafuta mikono kwenye aproni taratibu.

"Mwanangu, ninakutia aibu?"

"Si hivyo, mama. Ni lugha tu."

"Basi sawa."

Akarudi kwangu na daftari, akauliza kama ile sentensi ya zamani aifute au aiache. Nilimwambia asikubali upuuzi. Akasema mtoto akishaomba, mama anabishana nini. Nikamfundisha ya anti kwa hasira, nikimkaripia kama mwanafunzi mzito, na wala hakuwa mzito, alishika mara moja.

Jumamosi alasiri tukakusanyika sebuleni kwa Mwalimu Mkuu. Mimi niliitwa nikae nje ya kamera, mtu likimkwama neno nimnong'oneze. Mwalimu Mkuu alivaa gauni ambalo Bi Kola alikuwa amelipiga pasi asubuhi ile. Aligawa viti mwenyewe: yeye katikati, kaka yao, mjomba wa mhandisi, kulia, Bi Kola mwisho kabisa, bega moja nje ya picha.

Wakwe walikuwa watu wazuri, wachangamfu, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Walimuuliza mama wa bwana harusi habari za utoto wake. Mwalimu Mkuu akasimulia surua ya mtoto, jinsi alivyomkanda kwa maji siku nne bila kumwacha. Surua hiyo nilikuwa naijua, na mkandaji nilimjua. Mhandisi, kwenye kidirisha chake, akawa anatikisa kichwa kukubali.

Kisha mama wa binti akauliza, "Na yule mama pale mwisho?"

Bi Kola akajiweka sawa, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye ni anti. Alisema vizuri sana. Mkwe akatabasamu, akamuuliza kwa adabu tu, bila ubaya wowote, kama ana watoto.

Swali hilo sikuwa nimemwandalia jibu. Nilifungua mdomo nimtafsirie, nikaona haina haja. Neno la watoto tunaliandika kila siku kwenye vikaratasi vya nguo ndogo, alilijua. Akaitazama simu. Akamtazama mhandisi, akamngoja. Mhandisi alikuwa ameinama, anarekebisha kifungo cha mkono wa shati.

"Hapana," Bi Kola akasema kwa Kiingereza. "Sina."

Mkwe akampa pole. Mwalimu Mkuu akamwekea mkono begani, akaongeza kwa Kiingereza chake cha shule, "Lakini anampenda mwanangu kama wake wa kumzaa." Kule wakacheka kwa upole, na mhandisi akacheka nao, akasema ni kweli, anti alimdekeza sana.

Simu ilipokatika wakaanza kupongezana. Bi Kola akanigeukia, daftari mapajani, uso umemkakamaa.

"Nimepatia?"

Nilitaka kumzaba mtu kofi, hata yeye mwenyewe.

"Umepatia," nikamwambia. "Hukukosea hata neno moja."