Sikuleta Ngoma

Kutoka Perth hadi Sydney tulikwenda kwa gari siku tano, mimi na Mrundi mmoja niliyefahamiana naye kwenye kazi ya kuchuma matunda. Kabla ya Perth nilikaa Johannesburg, kabla yake Lusaka, na kabla ya Lusaka nilikuwa Tabora, nilikomaliza kidato cha nne na kuanza kutotulia. Njia ile haina kitu. Barabara imenyooka kutwa nzima, na kituo cha mafuta ukikiona unakishangilia kama mji. Siku ya tatu, kwenye kituo kimoja cha namna hiyo, nilikuta filimbi ya bati ndani ya ndoo ya vitu vya bei rahisi, imechanganywa na miwani ya jua. Matundu sita, mdomo wa plastiki ya kijani. Niliinunua kwa sababu shule ya msingi nilikuwa mpiga filimbi wa bendi ya gwaride la asubuhi, na mambo ya shule ile bado yananiuma kwa kuyakumbuka.

Tulipanga nyumba Penrith, pembezoni mwa Sydney, yenye uwanja mdogo wa nyasi nyuma. Sote tulipata kazi Westmead, mwenzangu ya kutunza wazee, mimi ya usafi. Jumamosi nilikaa nje nikapiga nyimbo za gwaride. Jumamosi ya pili kichwa chenye mvi kikatokeza juu ya uzio. Alikuwa jirani yetu, nesi mstaafu kutoka Ireland, na hakuanza na salamu.

"Unapasua kuni," alisema. "Huo ulimi hauchoki?"

Shuleni kwetu kila noti ilipigwa kwa ulimi, tu-tu-tu, ili watoto wapate pa kukanyagia. Kwao pumzi hupita bila kukatika kama maji ya bomba, na kazi ya kutenganisha noti ni ya vidole. Alizunguka akaingia getini kwetu na filimbi yake mwenyewe kuukuu, akanionyesha. Kidole cha juu kinanyanyuka na kurudi, upesi kuliko jicho: huko ni kukata. Kidole cha chini kinapiga tundu na kuruka: huko ni kugonga. Unashika noti moja ndefu, unaikata, unaigonga, nayo inajiviringisha mahali pamoja bila kwenda popote. Nilidhani ningejifunza kwa wiki moja. Ilinichukua miaka miwili.

Kosa langu lilikuwa kutaka zile noti ndogo za kukata na kugonga zisikike. Nilizipiga kwa heshima zote, kila moja na ulimi wake, na wimbo wa kuchezea ukageuka gwaride. Aliniambia noti ile si noti, ni kope. Kope zinapepesa, hazitembei. Akaniamuru nifiche ncha ya ulimi nyuma ya meno ya chini, na kila ulipotoka alipiga uzio kwa kijiko. Nilipomwita Mama alisema hakunizaa na hana mpango huo. Niliendelea kumwita Mama. Mwanamke wa umri ule siwezi kumwita kwa jina kama naita mbuzi. Mwishowe alizoea yeye, si mimi.

Nilifanya mazoezi kwenye treni juu ya kalamu, na kazini juu ya mpini wa fagio la maji. Mwenzangu alinicheka hadi akashika ukuta.

"Kaka, wenzako wanachukua kozi ya unesi. Wewe unachukua ya filimbi, na bado unaifeli."

Nilimjibu kwamba nimefeli mambo makubwa zaidi.

Mama alipoona vidole vimetii, akanipeleka mjini kwenye duara lao la wapiga muziki wa Ireland, la Jumapili mchana. Wanakaa ndani ya baa, viti vimezunguka meza, na desturi yao ni kali. Mgeni hukaa nje ya duara na kupiga nyimbo anazozijua tu. Kila wimbo hupigwa mara tatu. Kuanzisha wimbo, unasubiri mkubwa wa duara akutazame na kukutikisia kichwa. Mkubwa wao alikuwa mpiga fidla, mpole, mwenye tabasamu. Jumapili ya kwanza aliniuliza kama nimekuja na ngoma.

Nilisema nimekuja na filimbi. Akasema filimbi wanazo tele. Ngoma ya Kiafrika ndiyo ingewanogesha. Wiki iliyofuata aliniletea moja, ya kuazima, akaiweka miguuni pangu kwa upendo kabisa. Sijawahi kupiga ngoma. Hata shuleni ngoma walipewa wengine, kwa kuwa nilikuwa nachanganya mkono. Niliisukuma chini ya kiti nikatoa filimbi.

Hapo ndipo nilipotaka kitu kimoja tu katika mji ule mzima: kuanzisha wimbo kwa filimbi yangu katika duara lile. Niliupata wimbo alioupenda Mama, nikauviringisha hadi hakuna ulimi uliobaki ndani yake. Nilikaa nje ya duara mwaka mzima na ushee. Kichwa kilitikiswa kwa vijana waliokuja juzi, kikatikiswa kwa mtalii. Kwangu kilirudi swali lile lile, ngoma iko wapi. Mama aligombana naye mara mbili, na mara zote nilimsihi aache. Ugomvi ulikuwa wangu.

Kisha nikapata kazi Darwin, mbali kaskazini, na miguu ilikuwa imeanza kuniwasha zamani. Tiketi ilikuwa ya Jumapili usiku. Mchana nilipitia baa na mizigo yangu, nikavuta kiti nikakiingiza ndani ya duara, katikati ya Mama na mpiga banjo. Wimbo uliokuwa unapigwa ulipokwisha, sikumtazama mtu. Nikaanza.

Mara ya kwanza nilipiga peke yangu. Kila mkato ulipepesa ulipotakiwa, na nilisikia watu wakiacha glasi zao. Mara ya pili Mama akaingia, na banjo nyuma yake. Mara ya tatu duara zima lilikuwa ndani, isipokuwa fidla ya mkubwa, iliyolala magotini pake.

Tulipomaliza aliniuliza, bado na tabasamu lake, nani aliniambia nianze.

"Hakuna," nilisema, nikafuta filimbi, nikabeba mizigo yangu.