Mkono Usioingia Kwenye Mkanda

Kocha wa jimu yetu hapa Kaloleni hatulii. Hata akinywa maji anazunguka, anagongagonga vyuma kwa kidole, anajipangusa jasho asubuhi ya baridi. Mkono wake ni mnene kuliko paja langu, na paja langu, mimi huyu, lilisifiwa mpaka Kisian. Ukimuuliza siri, anajibu kwa sauti nyembamba, "Omena na uji tu, mzee." Seif, muuza viatu, amekula hivyo visamaki vya omena miezi minane na bado amekonda kama mwiko.

Juzi nesi alikuja kutupima presha. Mkanda wa mashine haukutosha mkono wa Kocha, tukacheka, naye akacheka. Nesi akaleta mkanda mkubwa zaidi, akapima mara mbili, akarudia ya tatu. "Baba, unatumia dawa gani? Usinifiche, presha hii inaua."

Kocha alitutazama sisi wateja wake kwenye foleni. "Andika sindano za kujaza misuli," akasema. "Miaka minne."

Nilidhani Seif atamtukana. Yeye akasogea, akanong'ona, "Zinauzwa wapi, Kocha?"

Kocha aliigeuza ile mashine, Seif asome namba mwenyewe.